Mgeni wa Usiku Mmoja: Ibn Battuta, Ndizi, Samaki na Presha Zetu



Wiki hii naziacha kando siasa za kaunti na bei ya unga. Nataka niwasimulie maisha ya mtu aliyekufa zaidi ya miaka 650 iliyopita, ambaye hapa kwetu Mombasa alilala usiku mmoja tu. Lakini kabla sijamfikia yeye, itabidi nianze na mkono wangu wa kushoto.

Mwaka jana, baada ya sala ya Isha, vijana wa afya walitandika meza nje ya msikiti mmoja hapa Mji wa Kale, wakawa wanapima watu presha bure. Nilikaa ili kuwaridhisha tu. Nina miaka 46, kichwa hakiniumi, kizunguzungu sikijui. Kipimo kikasoma 168 kwa 104. Kijana akaningoja nipumzike, akapima tena mkono wa pili, na namba hazikushuka. Hapo nikamkumbuka marehemu babangu. Alianguka kwa kiharusi asubuhi moja akiwa na miaka 58, kikombe cha chai mkononi, na mpaka leo hakuna hata mmoja katika jamaa anayejua presha yake ilikuwa ngapi. Hakuwahi kupimwa.

Daktari niliyemwendea baadaye alinipa vidonge, na karatasi ya nasaha: punguza chumvi, punguza mafuta, kula matunda na mboga, tembea, punguza tumbo. Vidonge nilivimeza. Karatasi niliitia mfukoni, ikafuliwa pamoja na kanzu.

Kilichonishtua hasa ni kitabu. Wakati nasomea diploma yangu nilipitia safari za Ibn Battuta kwa haraka, kama mtu anayetaka kufaulu mtihani tu. Safari hii, nikiwa nyumbani na hofu yangu, niliufungua tena ukurasa unaotaja mji wetu. Nikaona kwamba ile karatasi iliyofuliwa, zaidi ya nusu yake ilikuwa imo mle.

Jina lake kamili ni refu, lakini tutosheke na Abu Abdallah Muhammad bin Abdallah, maarufu kwa jina la Ibn Battuta. Alizaliwa Tanja, Morocco, mwezi wa Februari 1304, katika jamaa ya wanasheria na makadhi. Mwaka 1325, akiwa kijana wa miaka 21, aliwaaga wazazi wake akatoka peke yake kwenda kuhiji. Hakuwa na msafara wala mwenza wa njia. Wazazi wake walikuwa hai wakati huo, na kuachana nao kulimuumiza sana. Hakujua kwamba hatawaona tena.

Hakuwa mtu wa chuma. Mwanzoni tu mwa safari, kabla hajafika Tunis, homa ilimshika vibaya. Wenziwe wa njiani wakamshauri apumzike, yeye akakataa. Akajifunga kwa kilemba chake juu ya tandiko la mnyama ili asianguke, akaendelea. Homa zilimfuata maisha yake yote, na kila alipoinuka kitandani alirudi njiani.

Aliifikia Makka mwaka 1326 akahiji. Mtu mwengine angerudi kwao akaitwa Alhaji, akakaa barazani kusimulia. Yeye akaenda Iraki, Uajemi, akarudi Hijazi, kisha akashuka Yemen mpaka Aden. Hapo akapanda jahazi kuja pande zetu. Wanahistoria wengi wanaiweka safari hiyo mwaka 1331.

Alipita kwanza Zeila, mji ambao harufu yake ya samaki na damu ya ngamia ilimshinda, akaona bora alale jahazini ingawa bahari ilikuwa imechafuka. Kisha akafika Mogadishu, na hapo ndipo msomaji mwenye presha anapopaswa kufungua macho.

Mogadishu ilikuwa tajiri. Mamia ya ngamia walichinjwa kila siku. Mgeni alipokelewa na sheikh wa mji, akapewa nyumba, na chakula kililetwa mara tatu kwa siku. Ibn Battuta aliyaangalia yale masinia kwa makini. Palikuwa na wali uliopikwa kwa samli, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Palikuwa na maziwa ya mgando, na pembeni achari ya ndimu, pilipili zilizotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Nikisoma orodha hiyo naona sinia ya harusi ya Kibokoni, ila viazi tu ndivyo vilivyokosekana.

Kisha akasema jambo ambalo mwenye adabu nyingi angelinyamazia: kwamba mmoja wao alikula kiasi cha chakula cha kundi zima la watu wa kwao, na kwamba walikuwa wanene mno, wenye matumbo makubwa. Sisemi haya kuwasimanga ndugu zetu Wasomali. Nayasema kwa sababu nilipoinamisha kichwa kusoma, niliona tumbo langu kabla sijaona magoti yangu.

Kutoka hapo jahazi likashuka kusini mpaka kisiwa cha Mombasa. Alikaa usiku mmoja tu, akiwa njiani kwenda Kilwa, na katika mistari michache alituachia picha ya mji wetu miaka zaidi ya 260 kabla Wareno hawajaanza kuijenga Ngome ya Yesu. Baadhi ya maneno yake yanachekesha. Anasema kisiwa kiko mwendo wa siku mbili baharini kutoka nchi ya Waswahili, na sisi tunavuka Likoni kwa feri kwa dakika chache, zikiwa hazikuharibika. Lakini mengine yanatugusa hasa.

Alisema miti ya kisiwa ni migomba, milimau na mibalungi, na kwamba kuna tunda tamu linalofanana na zeituni, analoliita kwa jina ambalo wengi wanalifahamu kuwa ni zambarau. Watu hawakulima nafaka. Nafaka ililetwa kwa vyombo kutoka nje. Chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Walikuwa watu wa dini, wa madhehebu ya Shafi, wenye stara na wema. Misikiti yao ilikuwa ya mbao, imejengwa imara sana. Kwenye mlango wa kila msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili vya kina kifupi, na watu wakiteka maji kwa kata ya mti yenye mpini mwembamba. Kila aliyetaka kuingia aliosha miguu, akaifuta kwenye jamvi gumu lililowekwa mlangoni. Sababu ya kuosha ni kwamba wote walitembea miguu mitupu.

Ndizi, samaki na miguu: ndivyo alivyotukuta.

Sitaki kumsingizia marehemu. Ibn Battuta hakuwa tabibu, hakupima presha ya mtu, na hakusema kwamba babu zetu waliishi miaka mingi. Bila shaka wengi walikufa mapema kwa homa na kuharisha, maradhi ambayo leo yana dawa. Lakini alichokiona kwa macho ndicho wataalamu wa zama hizi wamekuja kukipima kwa vyombo. Ndizi ina madini ya potasiamu, ambayo husaidia figo kutoa chumvi mwilini na kulegeza mishipa ya damu. Samaki asiyezamishwa kwenye mafuta ni kitoweo chepesi kwa moyo. Na kutembea huifundisha mishipa kupanuka na kumsaidia mtu kupunguza uzito.

Ushahidi hauko mbali. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 ulifuatilia watu waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Ukoo mmoja, damu moja, lakini waliohamia mjini walikula chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo zaidi, na presha zao zikawa juu kuliko za ndugu zao waliobaki kijijini. Sisi wa Mji wa Kale hatukuhama popote. Mji mwengine ndio uliotuhamia sisi, mpaka jikoni.

Hebu tazama siku yetu. Asubuhi mahamri kwa mbaazi na chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Saa nne viazi karai na bhajia. Mchana wali wa nazi, samaki wa kukaanga, achari na kachumbari iliyonyunyizwa chumvi tena juu ya chumvi. Jioni mishikaki, na ukipita Lait, muhogo wa kukaanga wenye pilipili na chumvi. Samaki tunaye bado, ila tunamla ng'onda aliyekaushwa kwa chumvi au tunamtosa kwenye karai. Ndizi tunazo Marikiti, zimejaa mikungu, lakini mgeni akija tunaona haya kumpikia ndizi, tunampikia biriani. Na msikiti ulio mwendo wa dakika tano tunauendea kwa tuktuk.

Turudi kwa mgeni wetu. Baada ya Mombasa alifika Kilwa, akamsifu sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, kwa ukarimu na unyenyekevu, na akauhesabu mji ule kuwa miongoni mwa miji mizuri. Kisha akageuka na pepo za msimu, akazunguka Uarabuni na Asia, mpaka akafika Delhi kwenye miaka ya 1333 na 1334. Sultani Muhammad bin Tughluq alimfanya kadhi na kumpa mshahara mnono. Hapo kijana aliyetoka kwao peke yake akaonja ukubwa: farasi, watumishi, karamu za ikulu ambazo maelezo yake peke yake yanashibisha. Akatumia kuliko alichopata, akaingia deni la makumi ya maelfu ya dinari.

Siku moja sultani akamshuku kwa sababu alikuwa amemtembelea sheikh aliyekosana na serikali. Akawekewa walinzi wanne mlangoni. Ibn Battuta aliiona kamba ya mauti. Alifunga siku tano mfululizo, hali akisoma dua na Qur'ani na kufuturu kwa maji tu. Alipoachiliwa, alifanya jambo ambalo mimi naliona kuwa ndilo kubwa katika maisha yake kuliko safari ya China. Aligawa kila alichokuwa nacho kwa mafakiri, akavaa nguo za fakiri, akaenda kumtumikia mchamungu mmoja aliyeishi pangoni nje ya Delhi. Alikaa naye kiasi cha miezi mitano. Mtu wa masinia ya ikulu akawa mtu wa kula kidogo na kufunga sana.

Sisemi kila mwenye presha akaishi pangoni. Nasema mtu mzima, mwenye cheo na mazoea, aliyabadilisha maisha yake baada ya kutishika. Nami nilikuwa nimetishika.

Sultani alimwita tena, akamtuma balozi kwa mfalme wa China. Safari ikaharibika Kaliket, dhoruba ikavunja vyombo na zawadi zikapotea. Akaangukia visiwa vya Maldives, akawa kadhi huko, akakuta tena watu wa bahari wanaoishi kwa samaki na nazi.  Baadaye alifika Sri Lanka, Bengali, Sumatra na China.

Aliporudi, dunia ilikuwa imepigwa na tauni. Mwaka 1348 alikuwa Shamu, akishuhudia maelfu wakizikwa. Hapo Damascus ndipo alipopata habari kwamba babake amekufa miaka 15 nyuma. Akaelekea nyumbani, na mwaka 1349, akiwa amekaribia, akaambiwa mamake amechukuliwa na tauni. Alikwenda kulizuru kaburi lake. Wazee wetu husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini huyu alirudi ngamani akakuta hakuna wa kumpokea. Ninapofika hapo huwa nakifunga kitabu kidogo. Mimi babangu aliniacha kabla sijamuuliza presha yake ni ngapi.

Hata hivyo miguu haikutulia. Mwaka 1352 alivuka Sahara mpaka Mali. Huko, yeye na wenzake walikula chakula kizito kilichopikwa kwa kiazi mfano wa jimbi. Wote sita wakaugua, mmoja akafa, na yeye akazimia akiwa katika sala ya alfajiri. Aliumwa miezi miwili. Aliporudi Fez, Sultani Abu Inan akamwamuru asimulie yote, na mwandishi Ibn Juzayy akayaandika. Kazi ilimalizika mwishoni mwa mwaka 1355. Kisha akawa kadhi katika mji mmoja wa Morocco, na akafariki kwenye mwaka 1368 au 1369. Alikuwa na miaka kama 64 au 65. Kwa zama zile za tauni na dhoruba, huo ulikuwa umri wa kutosha.

Sasa niseme nilichofanya mimi, kwani msomaji wangu hujua nikimficha.

Kwanza, kidonge sikuacha. Nakariri hapa kwa sababu najua tunavyopenda kuacha dawa tukijisikia vizuri. Presha haiumi, kwa hiyo kujisikia vizuri si kipimo. Anayetaka kupunguziwa dawa amwendee daktari wake. Na mwenye maradhi ya figo asijaze ndizi kabla ya kumuuliza daktari, kwani kwake potasiamu ikizidi ni hatari.

Pili, chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo mna chumvi ya mkate, ya achari na ya viungo vya pakiti. Mke wangu aliondoa kikopo cha chumvi mezani. Wiki ya kwanza na ya pili chakula kilikuwa kama majani. Kisha ulimi ukazoea, na ndimu, tangawizi na bizari vikafanya kazi yake.

Tatu, Jumatatu na Alhamisi nyumbani kwetu ni ndizi na samaki. Ndizi za kupika kwa nazi nyepesi, samaki wa kupaka au wa mchuzi, na mchicha pembeni. Watoto walinuna. Nikawasomea ule ukurasa wa Ibn Battuta, nikawaambia hiki ndicho chakula cha kwanza cha Mombasa kilichoandikwa na msafiri aliyekula safari nzima ya dunia. Sasa wanakiita chakula cha mgeni. Huko Marekani, utafiti uliotolewa mwaka 1997 ulionyesha kwamba ulaji wenye matunda mengi, mboga na maziwa yasiyo na mafuta mengi uliishusha namba ya juu ya wenye presha kwa takriban 11 katika wiki 8. Sisi hatuhitaji kuagiza chochote kutoka huko. Marikiti iko hapo.

Nne, miguu. Msikiti wangu ni dakika tano kwenda na tano kurudi. Sala tano ni dakika 50 za kutembea kila siku, na madaktari wanatutaka tusipungukiwe na 150 kwa wiki, kwa mwendo wa haraka kidogo. Nilikuwa nikilipia tuktuk ili nijinyime dawa ya bure. Jumapili alfajiri natoka Ndia Kuu, nazunguka Ngomeni, nafika mpaka bustani ya Mama Ngina upepo ukiwa bado baridi. Siku hizi nakutana na wengine wenye matumbo kama yangu, tunasalimiana bila kuulizana namba.

Baada ya miezi saba uzito umeshuka kilo 9, na mara ya mwisho kipimo kilisoma 136 kwa 86. Si ushindi kamili. Daktari bado anataka chini zaidi, na Mwenyezi Mungu ndiye mponyaji. Lakini si 168.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 uliona kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu hawakuwahi kupimwa kabisa. Hesabu jamaa zako wanaokaa barazani jioni hii. Mmoja wao ni babangu, na kikombe cha chai kiko mkononi mwake. Mshike mkono, mwende mkapime wote wawili. Na mwende kwa miguu.